Hongo ya Kuvuka Reli Yangu

13 Januari

Mvua tangu alfajiri. Naanza daftari hili kwa sababu Bertila, mke wangu, amesema amechoka kusikiliza habari za chama chetu, na kama bado nina la kusema nikaiambie karatasi. Basi, karatasi, sikiliza.

Chama chetu kinaitwa Wapenda Historia wa Tabora. Tuko wachache lakini tunagombana kama tuko wengi. Kila Jumamosi alasiri tunakutana Ng'ambo, kibarazani kwa Fundi Twalibu, mshona kanzu, ambaye hushona huku anatufundisha, tukitaka tusitake. Yeye anapenda zama za misafara: wapagazi, pembe, ngoma za kuamshana, safari ya kwenda pwani na kurudi. Mama Gaudensia, nesi mstaafu na mwenyekiti wetu, anapenda vita ya 1916, Wabelgiji walipouchukua mji huu, na huisimulia kana kwamba mizinga aliipanga yeye. Zablon, mzee wa kanisa la Moraviani, anapenda wamisionari. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia na ninapenda reli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kwa maoni yangu kabla ya hapo watu walikuwa wanatembeatembea tu.

Maoni hayo nimeyatoa leo. Fundi alisimamisha cherehani. Kabla hajajibu, Gaudensia alikwishaingiza mizinga yake, na Zablon alikuwa amefika kwenye shule ya kwanza ya misheni, na mimi nilikuwa napiga filimbi ya treni kwa mdomo ili nisikike. Mwishowe Gaudensia alivua kandambili, akagonga nayo meza, akapitisha sheria. Kuanzia leo kila mtu ana nchi yake, yaani zama zake. Anayetaka kupita katika zama za mwenzake atalipa hongo, kama misafara ilivyomlipa kila mtemi iliyepita nchini kwake. Si hongo ya siku hizi ya chini ya meza. Hii ni ya juu ya meza, mbele ya watu, na inalika: karanga, asali, sukari, kila mtu na alicho nacho.

Tulikubali wote kwa kicheko. Fundi ndiye aliyecheka zaidi, na nilipaswa kujiuliza kwa nini.

20 Januari

Sasa najua kwa nini. Katika Tabora huwezi kusimulia kitu chochote bila kupita kwenye misafara.

Nilianza vizuri. Nikasema, "Reli ilijengwa kufuata njia ya..." Cherehani ikanyamaza.

"Kufuata njia ya nani, Mwalimu?" akauliza Fundi.

"Njia ya zamani."

"Ina jina lake hiyo njia. Lipa."

Nikatoa karanga. Akazitazama, akazirudisha upande wangu wa meza, akasema mtemi mwenye heshima zake hapokei hongo ya kwanza. Nikaongeza. Akasema sasa tunaanza kuelewana. Zablon naye alilipa asali ya Sikonge ili wamisionari wake wafike Tabora, maana nao walikuja kwa miguu na wapagazi. Gaudensia, aliyetunga sheria mwenyewe, alilipa sukari, kwa sababu mizigo ya jeshi lake ilibebwa vichwani, na Fundi anasema kila kilichobebwa kichwani ni mali yake.

Nikamwambia huu ni unyang'anyi. Hapo Fundi akaweka mkasi chini, akasema kwa upole, jambo ambalo kwake ni nadra, "Sikiliza, Mwalimu. Hongo ni heshima. Mtemi akikudai, maana yake amekuona. Mtakaa, mtabishana, mtakula pamoja, na ukichelewa kurudi ataulizia. Akikuachia upite bure, basi kwake wewe ni kama mbuzi aliyekatiza njia. Hakuna atakayekumbuka ulielekea wapi."

Sijui kama hayo yameandikwa popote. Yalinikaa hata hivyo, nikaongeza karanga bila kudaiwa. Nilijuta nilipofika nyumbani.

21 Januari

Bertila ameuliza karanga zake za mbegu ziko wapi. Nimesema ziko katika historia.

27 Januari

Amekuja mwanachama mpya, Masanja, mfanyabiashara wa mchele kutoka Igunga, mwenye pikapu. Akaamkia kila mmoja wetu, shikamoo baada ya shikamoo, akaomba apewe zama. Tukamweleza kwa masikitiko kwamba zama zimekwisha. Akakuna kidevu, akasema, "Basi nipeni za kabla ya misafara."

Tulimhurumia. Huko kuna nini zaidi ya ng'ombe? Tukampa.

Fundi alipoanza somo lake, akafika kwenye wapagazi wa Kinyamwezi na mabega yao, Masanja akanyoosha mkono kwa adabu. "Samahani, Mzee. Hao wapagazi walizaliwa na nani?"

Fundi alitutazama mmoja mmoja akitafuta msaada, na hakuna aliyemwona. Ikabidi alipe. Alitoa kikombe cha kahawa na nusu ya mkate wa sinia, na mkono ulikuwa mzito kama anatoa figo. Sijafurahi hivi tangu nistaafu.

3 Februari

Mvua. Hakuna mkutano.

11 Februari

Jana Fundi alianguka. Ile ngazi ya kibaraza chake ina utelezi mvua ikinyesha, na kila mmoja wetu amewahi kusema itengenezwe, akaishia hapo. Alikuwa anaingiza vitambaa ndani. Kifundo cha mguu kimevimba, mengine mazima, lakini alilala pale chini kwenye maji muda mrefu mpaka jirani alipomsikia. Anaishi peke yake tangu mkewe Mwanahawa afariki.

Nilipofika nilimkuta kitandani, Gaudensia akimfunga bandeji kana kwamba anafunga mzigo wa kwenda Kigoma. Nikamuuliza anajisikiaje. Akasema, "Umeingia nchini kwangu mikono mitupu, Mwalimu."

Nilicheka. Nikatoka nje nikasimama kidogo kwenye mvua, maana machozi yalikuwa karibu na sikutaka ayadai nayo.

17 Februari

Tumekutana chumbani kwa Fundi. Anakusanya hongo akiwa amelala. Anasema watemi wengi walifanya hivyo.

Kwaresima imeanza, kwa hiyo mimi sili nyama wala sinywi chai ya sukari. Bertila anasema ningeacha ubishi badala ya sukari.

2 Machi

Binti wa Fundi, Najiat, amekuja kutoka Dar es Salaam, mhasibu, msichana wa maneno machache. Alinisalimu vizuri, "Shikamoo, Mwalimu," akakaa pembeni akisikiliza mkutano wetu kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Zablon alipomlipa baba yake asali kwa sababu ya wamisionari wa miaka mia na hamsini iliyopita, niliona macho yake yakienda dirishani.

Alinisindikiza mpaka barabarani. "Mwalimu, akianguka tena nani atamwona? Nimekuja kumchukua. Idd ikipita tunaondoka."

Nilitaka kusema mengi. Nilisema, "Haya, mwanangu. Ni vizuri."

16 Machi

Ramadhani imeingia na Kwaresima haijatoka. Hakuna mkutano mbaya kama wa watu wawili wenye njaa, kila mmoja kwa dini yake. Na kanzu za Idd zimerundikana, Fundi hana hata nafasi ya kuinua kichwa.

Leo ndiyo ametutangazia kwamba anahama. Alisema huku anatunga uzi kwenye sindano, kama anavyosema mvua imenyesha Puge. Anakwenda Dar kwa Najiat, kwa treni, maana kwa basi mguu utavimba. Akaendelea kushona.

Miaka yote hii ameniita mtu wa vyuma na makaa. Miaka yote hii hajapanda treni hata mara moja, kwa ukaidi tu. Na sasa anaitumia reli yangu kwenda zake. Roho iliniuma, na mimi roho ikiniuma husema maneno ya kejeli. Bertila ana ushahidi.

Nikasema, "Heri. Mtu wa misafara naye aonje raha ya kukaa kwenye kiti."

Fundi akatabasamu. "Nitapita nchini kwako basi. Unadai nini, Mwalimu?"

Alikuwa ananitania. Nilijua ananitania. Mlango ulikuwa wazi, nilichotakiwa ni kuingia tu na kudai gunia la karanga. Badala yake nikasema, "Sidai kitu. Pita bure."

Cherehani ilisimama. Zablon akatazama viatu vyake. Masanja hakuwepo siku ile ya somo la hongo, lakini hata yeye alihisi kuna kitu kimevunjika, akakohoa. Fundi akasema taratibu, "Asante," akarudi kwenye kanzu.

Adhana ya magharibi ilituokoa. Fundi na binti yake walifungua, wakanikaribisha tende. Nikasema nimeshiba, mimi ambaye tangu asubuhi nilikuwa na uji tu.

17 Machi

Nilikuwa na njaa. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine.

23 Machi

Sikwenda. Mvua. Bertila anasema mvua ilikatika saa saba na mkutano ni saa kumi.

30 Machi

Nimekwenda kwa sababu Gaudensia amenitumia ujumbe kwamba asiyefika atahesabiwa mtoro wa jeshi. Tulikutana kwake, Isevya, kwani Fundi amesema ana kazi nyingi.

Tulikaa. Gaudensia akaanza vita yake. Akafika kwenye mizigo ya jeshi, mkono ukaenda wenyewe kwenye sukari, akatafuta wa kumpa. Hakuwepo. Akaacha. Zablon akajaribu kuwatoa wamisionari pwani, wakakwama pwani pale pale. Mimi nikasema reli ilijengwa kufuata njia ya zamani, nikangoja mtu aniulize njia ya nani. Masanja ndiye aliyekuwa na nafasi ya kusema, lakini zama zake hazina hadithi asipokuwepo wa kumwudhi. Tukanywa chai. Nikarudi nyumbani na karanga zangu zote mfukoni.

Bertila alipoziona alifurahi, halafu akaniangalia usoni, akaacha kufurahi. "Baba Marko," alisema, "kamwombe radhi yule mzee."

Nikasema kesho ni Pasaka, nina mambo mengi.

10 Aprili

Idd. Imeletwa sahani ya pilau kutoka kwa Fundi, kama kila mwaka, imefunikwa kwa kitambaa chetu kile kile cha maua ambacho Bertila huwa anarudisha na mandazi. Nimekula. Bertila aliningoja nimalize kabisa, nikalamba na vidole, ndipo akasema, "Pilau ya mtu usiyesema naye ina ladha gani?"

Ilikuwa tamu sana. Ndilo lililoniumiza.

20 Aprili

Nilipita Ng'ambo, kwa bahati tu, njia ya kwenda sokoni kwa kuzunguka. Cherehani imefungwa kwa magunia. Fundi alikuwa ndani, nikasikia sauti yake ikimwambia Najiat kofia zikae juu zisibonyee. Nilisimama kwenye ile ngazi. Kisha nikaenda sokoni. Nilinunua nyanya, hatukuwa na haja ya nyanya.

26 Aprili

Wanaondoka kesho. Nimejiandalia hotuba ya kumuaga, inaanza tangu 1912. Bertila ameisikiliza yote, akasema ni nzuri, ila haina neno hata moja la kweli.

27 Aprili

Naandika kabla sijavua hata nguo zilizolowa.

Masanja aliwaleta stesheni kwa pikapu, mizigo nyuma chini ya turubai. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Tulikuwepo wote, Gaudensia amevaa gauni lake la mazishi, kwa bahati mbaya ndilo alilonalo la heshima. Treni ilichelewa, nasi tukasimama tukizungumzia kuchelewa kwake, jambo ambalo siku nyingine lingempa Fundi furaha ya mwezi mzima. Leo hakulisema hata kidogo. Alikuwa amekalia sanduku lake la bati, fimbo katikati ya magoti, kofia mpya kichwani.

Treni ikaja. Watu wakasukumana, vikapu vikapita madirishani, Najiat akawahi kuingiza mabegi behewani kisha akarudi kumshika baba yake mkono. Fundi akainuka. Akafika mlangoni pa behewa, akaweka mkono kwenye chuma, na hakupanda.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka. "Hii ni nchi ya nani?"

Nikasema, "Yangu."

"Nami napita."

"Unapita."

Akageuka. Nilizoea kumwona Fundi akiwa anadai, na sikuwahi kumwona akiomba, leo nilimwona. Mtu anayetaka kusafiri huangalia behewa. Yeye alikuwa ananiangalia mimi. Gaudensia akanikanyaga kidole cha mguu, na viatu vya unesi vile ni vizito.

Hotuba yangu ya 1912 yote ikanitoka kichwani. Nikasema, "Siku ile nilikosea. Hakuna kupita bure. Kuna hongo."

Uso wake ulifunguka kidogo. "Hongo ya kwanza sipokei," alisema kwa mazoea, akajirekebisha, "yaani, silipi kabla sijaisikia."

"Utasema hapa mbele ya watu, kwa sauti, kwamba reli imeishinda misafara. Kwa kila kitu. Na kwamba wapagazi wenyewe wangepewa tiketi wangepanda."

Zablon alishika kichwa. Fundi alifumba macho, kama anapima kitambaa. Niliogopa asije akakubali. Sijapata kuogopa hivyo maishani, hata siku Marko alipozaliwa.

"Hongo hiyo ni kubwa," akasema.

"Ndiyo bei."

"Sina."

"Basi?"

"Basi sheria inajulikana. Msafara ulioshindwa hongo haupiti. Tunapiga kambi." Akarudi kwenye sanduku lake la bati, akakaa, akaweka fimbo katikati ya magoti.

Najiat alidhani ni mzaha. Kisha akaona si mzaha. "Baba, treni inaondoka."

"Mwanangu, mtemi amenizuia."

"Mtemi yupi? Huyu ni Mwalimu Leodgar." Akanigeukia, na macho yalikuwa yamejaa. "Mwalimu, nakuheshimu sana. Lakini mnacheza, na mimi nililetewa habari kwa simu kwamba baba yangu amelala kwenye maji kama kitambaa. Mkimaliza kucheza nani atamwona akianguka?"

Hilo halikuwa la kujibiwa kwa karanga. Nikavua kofia. "Mimi," nikasema. "Nitakuwa kwake kila siku asubuhi. Hata tusiposemeshana. Hasa tusiposemeshana."

"Na bandeji zangu zipo," akasema Gaudensia. Zablon akasema nyumbani ana saruji iliyobaki, ngazi ile ataisakafia mwenyewe. Masanja hakuwa na la kuahidi, akasema ataleta mchele.

Najiat alitutazama, wazee waliolowa, wanaobishania watu waliokufa zamani. Halafu akamtazama baba yake juu ya sanduku. Nadhani aliona nilichokuwa nimekiona: kwamba tangu Februari mzee huyu hajakaa wima namna ile.

Filimbi ikalia, ya kweli, si ya mdomo wangu. Najiat akajifuta macho kwa ukingo wa mtandio, akapanda, akashusha begi la baba yake na cherehani dirishani, Masanja akavipokea. Akabaki dirishani, kidole juu.

"Sawa. Nami nimepitishwa katika nchi zenu tangu Machi, mnanilisha karanga na kelele. Sasa nadai mimi. Simu kila jioni, Mwalimu, kutoka kwako, maana Baba huniambia mazuri tu. Ngazi iishe wiki hii na nitumiwe picha. Hakuna kushona bila taa. Na Idd ya kuchinja mnamleta Dar wenyewe, wote, kwa treni hii hii. Pungufu ya hapo narudi kumchukua, na sitaki kusikia habari ya mtemi."

Hakuna aliyethubutu kumwomba apunguze. Fundi alikuwa anamtazama kwa fahari isiyofichika. "Umeona?" alininong'oneza treni ilipoanza kusogea. "Hongo ya kwanza tu hiyo."

Tulirudi na pikapu, sisi wawili mbele tumebanana na Masanja. Tulipokaribia Ng'ambo Fundi akanigeukia. "Ulichelewa kudai," akasema. "Nilikwishaweka mguu kwenye chuma."

Nikasema nilikuwa na njaa.

"Tangu Machi?"

"Tangu Machi."

28 Aprili

Nimepiga simu ya kwanza. Najiat ameuliza baba yake amekula nini. Nikasema pilau. Akauliza, na wewe je. Sikutegemea kuulizwa.

4 Mei

Mvua imekatika kabisa. Mashamba ya njia ya Sikonge yameanza kukauka. Ngazi imesakafiwa, na Zablon amechora msalaba mdogo pembeni kabla saruji haijakauka, akadai ni alama ya fundi. Fundi Twalibu anasema atakaa anaukanyaga na anamdai Zablon hongo ya kuuweka pale.

Mkutano ulikuwa mzuri sana, yaani hakuna aliyemaliza sentensi. Nilipofika kwenye njia ya zamani, cherehani ikanyamaza kama kawaida. Nikaweka karanga mezani. Akasema hongo imepanda, mambo yamekuwa magumu. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe bado yuko kambini, katika nchi yangu, na ya kwangu hajalipa.

Akatunga uzi kwenye sindano, akasema hana haraka.